Maswali ya Wasomaji: Kipimo Chenyewe Umekipima?

Barua za safari hii zimetoka kwa watafiti wa kompyuta na uhandisi wa umeme, na karibu zote zinalalamikia matokeo. Mmoja amepata mazuri kupita kiasi, wa pili yake yanageuka kila akirudia, wa tatu hayalingani na karatasi ya mtengenezaji. Tumeziweka pamoja kwa sababu dawa ya kwanza ni ileile, na tasnifu nyingi huiruka: kabla ya kupima usichokijua, pima kwa njia hiyohiyo kitu ambacho jibu lake unalijua tayari.

Swali: Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kutambua mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida kwa kutumia mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano). Data nimechukua kwenye hifadhidata ya MIT-BIH. Nimechanganya mapigo yote kwa nasibu, asilimia 80 nikafundishia modeli na asilimia 20 nikapimia. Usahihi ni asilimia 99.2, lakini msimamizi wangu amekataa kuupokea na kuniambia nirudie mgawanyo. Kosa langu ni nini?

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi, na amekuokoa na aibu ya siku ya utetezi. Hifadhidata hiyo ina rekodi 48 za nusu saa kila moja, zilizochukuliwa kwa sampuli 360 kwa sekunde, na zimetoka kwa watu 47 tu. Mapigo yenye lebo yanakaribia 110,000. Kwa hiyo kwa wastani kila mtu amechangia mapigo 2,000 na zaidi, na pigo la mtu linafanana mno na pigo lake la dakika iliyopita kuliko linavyofanana na la mtu mwingine. Ukiyachanganya yote na kuyagawa kwa nasibu, kila mtu anakuwepo pande zote mbili. Modeli inafika kwenye mtihani ikiwa inawafahamu watahiniwa wote kwa sura. Alama zake zinaeleza jinsi inavyowakumbuka watu hao 47. Kuhusu mgonjwa wa 48, hazisemi kitu.

Gawa kwa mtu, usigawe kwa pigo. Mgawanyo uliozoeleka ni ule wa Philip de Chazal na wenzake wa mwaka 2004: rekodi 22 za kufundishia na 22 za kupimia, huku rekodi 4 za watu wenye kifaa cha kuongoza mapigo (102, 104, 107 na 217) zikiwekwa kando. Ukiutumia, angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakioni: rekodi 201 na 202 ni za mtu mmoja, na katika mgawanyo huo moja iko upande wa mafunzo na nyingine upande wa kupimia. Lieleze hilo katika tasnifu, kisha toa matokeo yenye rekodi 202 na yasiyo nayo.

Sasa kipime kipimo chako. Chukua sarafu, irushe mara moja kwa kila mtu. Ikiangukia kichwa, mapigo yake yote yape lebo A. Ikiangukia mkia, yape lebo B. Hapa hapana ugonjwa wala maarifa yoyote ya kujifunza, kwa hiyo modeli ikikutana na mtu mgeni haipaswi kupata zaidi ya nusu. Pitisha data hiyo kwenye programu yako ileile bila kubadilisha hata mstari mmoja. Kwa mgawanyo wako wa sasa utaona usahihi unapaa mbali na asilimia 50, na hapo utakuwa umelishika kosa kwa mkono wako. Kwa mgawanyo wa watu utauona ukiyumba kuzunguka 50. Utayumba kweli, maana watu 22 ni wachache, basi rudia kurusha mara 10, tafuta usahihi wa kila mtu peke yake, ndipo uchukue wastani wa watu.

Uvujaji huu, yaani data ya mtihani kupenya kwenye mafunzo, una milango mingine pia. Ukikokotoa wastani na mkengeuko wa kusawazisha data kabla ya kugawa, upande wa kupimia umeshapenya kwenye mafunzo. Ukinakili mapigo adimu ili yaongezeke kabla ya kugawa, nakala ya pigo la mafunzo itajikuta kwenye mtihani. Ukikata mawimbi kwa madirisha yanayopandana nusu kwa nusu, madirisha mawili jirani yanashirikiana nusu ya sampuli. Na ukichagua duru ya kusimamishia mafunzo kwa kuchungulia alama za mtihani, huo si mtihani tena; tenga watu wengine wa kuchagulia.

Mwisho, acha kuongozwa na usahihi wa jumla. Ukishaondoa rekodi zile 4, takriban mapigo 9 katika kila 10 ni ya kundi linalohesabiwa kuwa la kawaida (kundi N). Programu ya mstari mmoja inayojibu "kawaida" kila mara itapata karibu asilimia 90 bila kumtambua mgonjwa hata mmoja. Kwa kila aina ya pigo andika mambo mawili: katika mapigo halisi ya aina hiyo umeyakamata mangapi, na katika yale uliyoyatangaza kuwa ya aina hiyo mangapi ni ya kweli.

Swali: Modeli yangu mpya imepata asilimia 91, ya zamani 89.5, kwa picha 200 zilezile. Naweza kuandika kwamba mpya ni bora?

Jibu: Bado. Asilimia 91 ya 200 ni picha 182 na 89.5 ni picha 179, kwa hiyo mnabishania picha 3. Kwa usahihi wa karibu asilimia 90, kosa la kawaida la sampuli ya picha 200 ni kipeuo cha pili cha 0.9 × 0.1 ÷ 200, yaani 0.021. Maradufu yake ni kama pointi 4 kila upande.

Kwa kuwa picha ni zilezile, kuna njia kali zaidi: acha zile ambazo modeli zote mbili zimepata au zimekosa, hesabu zile walizotofautiana. Tuseme mpya imerekebisha 10 na kuharibu 7. Sarafu ya kawaida hutoa 10 kwa 7 bila taabu. Hata kama imerekebisha 3 na haikuharibu hata moja, sarafu inayorushwa mara 3 huangukia upande uleule mara zote kwa nafasi ya 1 kati ya 4. Huu ndio msingi wa jaribio la McNemar. Kisha fundisha modeli ya zamani upya kwa mbegu nyingine ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu), uilinganishe na yenyewe. Ikiwa inajizidi kwa pointi 1.5, jibu umelipata. Fundisha kila modeli kwa mbegu 5 hadi 10, na zaidi ya yote tafuta picha zaidi.

Swali: Natafiti kihisi kisichotumia waya kinachoendeshwa kwa betri, volteji 3.3. Karatasi ya mtengenezaji inasema mikrokontrola (kompyuta ndogo ya kwenye chipu) ikilala hutumia 5 µA. Multimita yangu kwenye safu ya mikroampea inaonyesha 38 µA, na kila redio inapotaka kurusha, kifaa kinajiwasha upya. Redio hutumia 20 mA kwa milisekunde 50. Je, mita ni mbovu?

Jibu: Kuna mambo mawili hapa na kila moja lina sababu yake.

Kujiwasha upya kunaletwa na mita, lakini si kwamba ni mbovu. Multimita hupima mkondo kwa kuupitisha kwenye rezista iliyo ndani yake, na kwenye safu ya mikroampea rezista hiyo katika mita nyingi ni kama omu 100. Kwa 5 µA inakula nusu milivolti, hutaiona. Kwa 20 mA inakula volti 2. Kifaa kinabaki na 1.3 V na kinazima. Safu ya miliampea ina ukinzani mdogo zaidi na haitakizima, ila haiwezi kuona mikroampea chache kwa uhakika. Suluhisho rahisi: weka swichi sambamba na mita, iwe imefungwa (yaani ikipitisha umeme) kifaa kinapowaka na kinaporusha, ifungue kikishalala, soma, uifunge tena kabla hakijaamka.

Ile 38 nayo ihoji mita kwanza. Ondoa kifaa, weka rezista ya megaomu 1 yenye ustahimilivu (kiwango cha kukosea) wa asilimia 1 kwenye 3.3 V hiyohiyo. Mita isome 3.3 µA. Weka ya kiloomu 100. Isome 33 µA. Ikisoma hivyo, mita ni nzima na kifaa chako kinakula 38 kweli. Sasa toa 5 katika 38. Zinabaki 33, yaani mkondo uleule wa rezista ya kiloomu 100 kwenye 3.3 V. Tungeanza msako hapo: pini iliyoachwa katika hali ya chini huku rezista ya kuivuta juu ikiwa imeunganishwa, ndani au nje ya mikrokontrola. Kabla ya kulala iachie pini hiyo au iweke juu. Ikiwa siyo, angalia mkondo wa kirekebisha volteji chenyewe, pini za kuingiza zilizoachwa zikielea, na kebo ya kupakia programu ambayo bado imechomekwa. Kebo hiyo imepoteza siku za watafiti wengi, maana mikrokontrola nyingi hazilali usingizi kamili zikiwa bado zimeunganishwa nayo.

Kwa mzunguko mzima, kuamka, kurusha na kulala, usitegemee rezista moja na osiloskopu (kifaa kinachochora volteji inavyobadilika). Rezista ya omu 1 itakupa milivolti 20 wakati wa kurusha na mikrovolti 5 wakati wa kulala. Osiloskopu ya biti 8 ina ngazi 256 tu, kwa hiyo ukiona kilele vizuri, usingizi umezama kwenye kelele. Pima vipande viwili mbalimbali: kilele kwa rezista na osiloskopu, usingizi kwa mita au kwa kapasita. Na tahadhari: klipu ya ardhi ya osiloskopu inayochomekwa ukutani imeungana na ethi. Kifaa kikiwa kimeunganishwa na kompyuta yenye ethi kwa kebo ya USB, nawe ukaibana klipu hiyo upande wa chanya, umepiga shoti. Tumia betri na uchomoe USB.

Njia ya kapasita tunaipenda kwa sababu haihitaji kifaa cha bei kubwa. Weka kapasita ya 1,000 µF sambamba na kifaa, ijaze hadi 3.3 V, kata chanzo kifaa kikiwa kimelala, hesabu sekunde mpaka volteji ishuke 0.1. Mkondo ni uwezo wa kapasita mara mshuko, gawanya kwa muda. Kwa 5 µA itachukua sekunde 20. Mitego ni mitatu. Kapasita za elektroliti zina ustahimilivu wa asilimia 20 mara nyingi, basi usiamini namba iliyoandikwa ubavuni. Zinavuja zenyewe, hasa zikiwa zimejazwa sasa hivi, kwa hiyo ziache zikiwa kwenye 3.3 V kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuanza. Na mita ya volti yenye ukinzani wa megaomu 10 hunyonya 0.33 µA muda wote iliyounganishwa. Gusisha, soma, ondoa. Yote matatu utayajua kwa rezista ileile ya megaomu 1: iweke mahali pa kifaa, na baada ya sekunde 30 volteji iwe imeshuka kwa takriban 0.1. Ikishuka zaidi au pungufu, umeshapata namba ya kusahihishia vipimo vyako vyote.

Halafu fanya hesabu kabla ya kuhangaika na kila mikroampea. Ukirusha kila sekunde 10, kurusha peke yake kuna wastani wa 20 mA × 0.05 ÷ 10, yaani 100 µA. Ukiongeza usingizi wa 5 unapata 105. Kwa usingizi wa 38 unapata 138. Inaumiza, lakini kurusha ndiko kunakokula betri zaidi, na kufupisha zile milisekunde 50 kutakulipa kuliko kitu kingine. Ukirusha kila dakika 10, kurusha kunashuka hadi wastani wa 1.7 µA, na hapo tofauti ya 5 na 38 ndiyo kila kitu. Kwa hiyo tasnifu inayotaja "maisha ya betri" bila kutaja muda kati ya mrusho na mrusho haijasema kitu.

Swali: Nimeboresha algorithimu ya kupanga namba na nikapata kasi zaidi kwa asilimia 4. Nikarudia kesho yake, ya zamani ikashinda. Kila moja nimeipima mara 3, ya zamani kwanza, kwenye kompyuta mpakato.

Jibu: Asilimia 4 ni ndogo kuliko mambo mengi yasiyohusiana kabisa na algorithimu yako. Prosesa ya kompyuta mpakato ikiwa baridi hupandisha masafa yake, ikipata joto huyashusha, kwa hiyo mpangilio wa nani kapimwa kwanza unaingia kwenye jibu.

Anza kwa kulinganisha programu ya zamani na nakala yake. Nakili faili lilelile kwa jina jingine, lipime kana kwamba ni algorithimu mpya. Jibu sahihi ni sifuri. Ukipata tofauti ya asilimia 3, basi 4 yako haina pa kusimama. Endelea kurekebisha mazingira mpaka sifuri iwe karibu sifuri: chomeka chaja, zima turbo (kule kupandisha masafa) na uyafunge masafa ya prosesa mahali pamoja, ifunge programu kwenye kiini kimoja cha prosesa (kwenye Linux amri ni taskset), na pima kwa kupishanisha, ya zamani, mpya, ya zamani, mpya, angalau mara 30 kila moja. Ripoti thamani ya kati pamoja na mtawanyiko. Wastani wa kawaida huvutwa na mpigo mmoja (uendeshaji mmoja wa programu) ambao mfumo endeshi uliingilia.

Hata hivyo kuna upendeleo usioondoka kwa kurudia tu. Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba ukubwa wa vigezo vya mazingira, yaani maandishi kama jina la mtumiaji na njia za faili, unaweza kubadilisha kasi ya programu kiasi cha kugeuza hitimisho la utafiti. Vigezo hivyo hukaa kumbukumbu moja na rundo la programu (stack), vikirefuka rundo linasogea, na data inaangukia anwani zinazokaa vizuri au vibaya kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa). Mpangilio wa kuunganisha faili wakati wa kujenga programu una athari ya namna hiyo pia. Basi badilisha vitu hivi kwa makusudi kati ya mipigo ili upendeleo ugeuke kelele unayoweza kuihesabu.

Na kwa kuwa unapanga namba: usipange safu ileile ya namba 1,000 tena na tena. Kitabiri matawi cha prosesa, kinachokisia njia ambayo programu itaifuata, kinaweza kuikariri, na utakuwa unapima kumbukumbu yake. Tengeneza safu mpya kila mpigo, nje ya muda unaopimwa, na matokeo yatumie mahali fulani, hata kwa kuyajumlisha na kuyachapa. Kompaila ikiona hayatumiki ina ruhusa ya kuifuta kazi yote.

Swali: Kihisi cha mtetemo nakisoma kwa sampuli 1,000 kwa sekunde. Spektra (grafu ya masafa) ina kilele kwenye 50 Hz. Nimekiondoa kwa chujio la kidijitali, ila mhakiki wa makala anauliza nimejuaje kwamba ni umeme wa jengo.

Jibu: Mhakiki ameuliza swali zuri. Kwa sampuli 1,000, mtetemo halisi wa 950 Hz nao huonekana kwenye 50 Hz, kwa kuwa sampuli ni chache mno kuufuata, na wa 1,050 vilevile. Huenda umefuta mashine uliyokusudia kuichunguza.

Badilisha kasi ya sampuli iwe 1,070. Umeme wa kweli wa 50 utabaki kwenye 50. Ule wa 950 utahamia 120 na wa 1,050 utahamia 20. Usichague 1,100, kwa sababu hapo 1,050 inarudi tena kwenye 50 na utadanganyika mara ya pili. Kisha tenganisha kihisi, unganisha pini mbili za kuingiza kwa waya mfupi. Jibu linalotakiwa ni sifuri. Kilele kikibaki, kinaingia kupitia waya zako au chanzo cha umeme.

Chujio la kidijitali haliwezi kutengua yaliyokwisha kuchanganyika. Linatakiwa chujio la analogi kabla ya kigeuzi (cha analogi kwenda kidijitali). Rezista ya kiloomu 8 na kapasita ya 0.1 µF hukata karibu na 200 Hz, lakini kwenye 950 Hz hupunguza mara 5 tu. Pandisha sampuli hadi 10,000 na chujio hilohilo: sasa wa kwanza kujigeuza 50 ni 9,950, nao umepunguzwa mara 50. Ukimaliza, punguza sampuli kidijitali, na umpe mhakiki grafu zote mbili, ya 1,000 na ya 1,070.

Swali: Nimerekebisha uvujaji wa data, usahihi umeshuka kutoka 97 hadi 78. Makala yenye 97 tayari iko arXiv (hifadhi ya wazi ya makala mtandaoni) na nimeipeleka kwenye kongamano.

Jibu: Waandikie leo wenyeviti wa kamati ya kongamano inayochagua makala, kabla wahakiki hawajamaliza, na uombe kuiondoa au kuisahihisha. Kwenye arXiv weka toleo jipya, na kwenye sehemu ya maoni sema wazi kwamba mgawanyo wa toleo la kwanza ulikuwa na uvujaji. Toleo la kwanza litabaki likisomeka, ndiyo maana maelezo yanahitajika. Mtandao huo haufanyi uhakiki wa wataalamu, kwa hiyo kosa halitasahihishwa na mwingine kwa niaba yako.

Usiifiche ile 97. Jedwali lenye migawanyo miwili kando kwa kando, modeli ileile, ni mchango halisi, hasa kama makala nyingine za eneo lako zimegawa kama ulivyogawa wewe. Pamoja nalo toa programu inayofanya mgawanyo, orodha ya namba za rekodi za kila upande, mbegu zote za nasibu, matoleo ya maktaba na aina ya kadi ya michoro. Makongamano mengi ya ACM (chama cha kimataifa cha wanakompyuta) huikagua mizigo kama hiyo na kuipa beji: moja kwamba inapatikana, nyingine kwamba inafanya kazi, nyingine kwamba matokeo yamepatikana tena. Kabla ya kuipeleka, mpe mwenzako ambaye hajaiona, kwenye kompyuta isiyo yako, aiendeshe kwa kusoma maelezo yako tu wewe ukiwa kimya.